Naomba ushauri: ripoti katika Insha ya KCSE (mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, Kenya) inanishinda

Hamjambo walimu wangu na ndugu. Niko Kidato cha Nne. Kwenye mtihani wa majaribio tuliambiwa tuandike ripoti ya kamati iliyochunguza utovu wa nidhamu shuleni. Niliweka kichwa, hadidu za rejea (mambo ambayo kamati ilitakiwa kuchunguza), njia za uchunguzi, matokeo, mapendekezo, hata sahihi ya katibu, nikapata 9 kwa 20. Mwalimu aliandika neno moja tu: "Umesimulia." Limeniuma kweli, maana swali la kwanza la karatasi ya Insha, ambako ripoti huweza kutokea, ni la lazima, sina pa kulikwepa.

Je, matokeo yaende kwa aya ndefu au kila tokeo liwe na kichwa chake kidogo? Na hitimisho linatofautianaje na mapendekezo? Mwenye uzoefu wa kusahihisha, tafadhali nionyeshe hata aya moja ya matokeo.