Malinois asiyetulia: anaweza kuishi katika nyumba ya kawaida Tabora mjini?

Mkazi wa Ipuli

Habari zenu ndugu zangu. Binamu yangu alipohamishwa kikazi aliniachia mbwa jike aina ya Malinois, aliyepita kidogo umri wa mwaka mmoja, naye amekuwa mtihani hapa nyumbani. Uzio wetu ni wa michongoma yenye matundu, na kila baiskeli inayopita nje anaifukuza kwa ndani hadi mwisho wa uzio, kisha anarudi kusubiri inayofuata. Kwa wingi wa baiskeli za Tabora, kazi hiyo haiishi. Mpira wa kumwagilia bustani ameshautafuna, na mguu wa kiti pia. Kila alfajiri nakimbia naye hadi upande wa Bwawa la Kazima na kurudi, lakini tukifika mimi ndiye ninayejilaza, yeye anatafuta cha kuharibu. Jirani ananishauri nimfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kama wafanyavyo wengi. Tatizo kubwa ni kwamba juzi alimdaka mwanangu mdogo kisigino alipokuwa akikimbia uani. Hakumjeruhi, ila mama watoto sasa anataka aondoke. Je, mbwa huyu anaweza kutulia, au nimtafutie mtu mwingine?

Mfunza mbwa mstaafu

Ndugu yangu, mnyororo usiuguse. Mbwa wa aina hii akifungwa huku akiona kila kinachopita bila kukifikia, ukali wake huongezeka, na siku mnyororo ukikatika utajuta.

Malinois ni mmoja wa aina nne za mbwa wachungaji wa Ubelgiji, na jina lake limetokana na mji wa Mechelen, ambao Wafaransa huuita Malines. Alifugwa ili achunge mifugo kutwa nzima, na leo majeshi na polisi wa nchi nyingi humtumia kunusa mabomu na kukamata wahalifu. Kwa hiyo kumdaka mtoto kisigino ni uchungaji ule ule, ingawa si jambo la kuachwa liendelee. Mbio za alfajiri peke yake zinamjengea pumzi tu. Baada ya muda atahitaji mbio ndefu zaidi, na wewe huna miguu hiyo.

Mpe kazi ya pua. Chukua kitambaa kikuukuu, mwache akinuse, kifiche akikuona, kisha mwambie atafute, na akikipata mlipe dagaa mmoja. Akishaelewa, kifiche asipoona: nyuma ya pipa, juu ya tofali, chini ya gunia. Utamwona anafunga mdomo, anavuta hewa kwa haraka, anapita mahali, anasita, anarudi hatua moja na kuinua kichwa. Hapo ndipo akili inapochoka. Robo saa ya kazi hiyo asubuhi na jioni itamtuliza kuliko mbio zako zote. Sehemu ya chakula chake cha siku iwe ndiyo malipo, badala ya kumwagiwa chote kwenye bakuli.

Kuhusu baiskeli, mfunge kamba na usimame naye mbali na barabara. Baiskeli ikitokea, mwite na kumpa nyama kabla hajaikazia macho. Ukiona masikio yamesimama na mwili umekakamaa, umeshachelewa, ongeza umbali. Na mfundishe kulala: mtandikie gunia chini ya mwembe, na kila anapojilaza juu yake mwenyewe mdondoshee kitu kidogo bila kusema neno. Watu wengi hufundisha mbwa kukaa na kukamata, hawafundishi kupumzika, ilhali kwa Malinois hilo ndilo gumu kuliko yote.

Daktari wa mifugo

Naongeza upande wa afya. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema, na Malinois akishashika kazi haachi mwenyewe hata akizidiwa. Kwa hiyo miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mazoezi yawe alfajiri au baada ya jua kushuka. Ukienda naye msituni, kwa mfano upande wa Sikonge, kumbuka kuwa mbung'o humwambukiza mbwa nagana, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu. Ukimwona ana homa, anakonda, au macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe, apimwe damu siku hiyo hiyo. Kupe mkague kila siku, hasa masikioni na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka.

Mama wa Ujiji

Shikamoo mzee mfunza mbwa. Nakubaliana nawe juu ya kazi ya pua, lakini ndugu yetu hakutueleza kama mchana kuna mtu nyumbani. Kama wote mnaondoka asubuhi na kurudi jioni, mtafutieni mtu mwenye shamba na muda, tena mapema, maana akizeeka na tabia hizo hakuna atakayempokea. Kama yupo mtu, anzeni kwa kuziba matundu ya michongoma kwa mabati au makuti ili asiione barabara. Hata hivyo mtoto mdogo asiachwe naye peke yao, hata kwa dakika moja, na hapo mama watoto ana haki ya kuwa mkali.

Mkazi wa Ipuli

Ahsanteni sana. Mke wangu hushinda nyumbani, na mabati ya zamani ninayo. Mzee, shikamoo. Kijana wangu mkubwa yuko darasa la tano na anatamani kushiriki. Je, anaweza kuwa ndiye anayeficha kitambaa?

Mfunza mbwa mstaafu

Marahaba. Anaweza, na mbwa atamheshimu kwa hilo. Yeye afiche na kutoa amri, wewe ushike kamba. Akipata, dagaa awekwe chini, asilishwe mkononi, mpaka utakapokuwa na hakika kwamba anapokea bila pupa.