Mrejesho: breka ya soketi iliyokuwa inagoma kupanda

Habari zenu. Niliuliza juu ya breka (swichi inayokata umeme yenyewe kukiwa na hitilafu) ya soketi za jikoni, iliyokatika usiku na kugoma kurudi. Mlinijibu kwamba niishushe kabisa kwanza, na kwamba huenda si mzigo kuzidi. Asanteni sana kwa majibu.

Nilichomoa kila kitu, hata friji, nikaishusha breka kabisa hadi chini ndipo nikaipandisha, maana kweli kishikio chake kilikuwa kimesimama katikati. Ikakatika papo hapo. Hapo nikaamini maneno yenu kwamba si mzigo kuzidi, kwani hakukuwa na mzigo wowote. Ni shoti kwenye waya. Sikujaribu tena, nikaita fundi umeme.

Alizima swichi kuu, akatenganisha waya za soketi na kupima ukinzani wa kihami (yaani kama plastiki inayofunika waya bado inazuia umeme kuvuja) kwa volti 500. Usomaji ulikuwa karibu na sifuri, wakati unatakiwa usipungue megaomu 1 (omu milioni moja, kipimo cha ukinzani). Akafungua soketi moja moja. Ile iliyo nyuma ya friji skrubu yake ilikuwa imelegea, joto likayeyusha plastiki hadi waya wa moto (unaoleta umeme) ukagusa nyutro (waya wa kurudisha umeme). Niliogopa nilipoona ukuta ulivyoungua kwa ndani!

Amekata kipande kilichoungua na kufunga soketi mpya. Breka yenyewe ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeshapanga kuibadilisha.