Jumamosi moja Edinburgh mwezi wa nane: nipange vipi shoo za vichekesho?

BintiUjiji
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaolifahamu tamasha la sanaa la Fringe la Edinburgh, Scotland. Mwezi wa nane nitakuwa Glasgow kwa mafunzo mafupi, na nitapata Jumamosi moja tu iliyo wazi. Nakwenda kwa treni asubuhi na kurudi usiku huohuo. Mimi ni mtu wa stendapu. Tamthilia, muziki na sarakasi siku hiyo hazina nafasi.

Nauliza haya: shoo ngapi zinawezekana bila kukimbizana? Tiketi ninunue nikiwa bado hapa Kigoma au nikifika? Nimetenga pauni 60 kwa viingilio na chakula, nauli ya treni mbali. Zinatosha?

MwishoWaReli
Dada, panga tano. Sita zinaingia kwenye karatasi, ila ya sita utaikalia ukiwa umechoka, na mtu aliyechoka hacheki.

Shoo ya kawaida pale ni dakika 50 hadi 60. Chumba kimoja kinapokea wasanii kadhaa kwa siku, huyu akitoka yule anaingia, na katikati kuna dakika 15 au 20 za kutoa watu, kuokota chupa na kuweka sawa maiki. Wa mchana akizidisha dakika tano, wa jioni anaanza dakika kumi nyuma. Ndiyo maana ratiba iliyobanwa haiharibiki asubuhi, inaharibikia usiku, tena kwenye shoo uliyoilipia ghali.

Hesabu ya kutumia: kuanzia shoo inapotakiwa kuisha hadi nyingine kuanza, acha dakika 35 kama zote mbili ziko eneo moja, na dakika 60 kama unahama. Usitegemee kuingia kwa kunyata ukichelewa. Kwenye vyumba vidogo mlango mara nyingi uko ubavuni mwa jukwaa, anayeingia anapita mbele ya msanii, kwa hiyo wakishafunga wamefunga na hela hairudi. Viti navyo kwa kawaida havina namba. Anayewahi foleni ndiye anayechagua.

Sasa majina ya kumbi, hapa ndipo wageni wengi wanapopotelea. Pleasance Courtyard na Pleasance Dome ni sehemu mbili, kati yake kuna mwendo wa kama dakika kumi kwa mguu. Assembly George Square iko upande wa kusini, karibu na chuo kikuu. Assembly Rooms iko George Street, ng'ambo ya Princes Street, ni kama dakika 25 za kutembea. Mtu akisoma "Assembly" na "George" anaona amemaliza, na ni kama aliyeambiwa ashukie Mwanga hapo Kigoma akaenda kushukia Ujiji. Soma anwani yote, halafu soma jina la chumba, maana pale Pleasance Courtyard peke yake kuna vyumba vingi na kila mlango una foleni yake. Ukisimama kwenye foleni, muulize aliye mbele yako anamsubiri nani.

La mwisho ni ramani ya simu. Mji mkongwe wa Edinburgh una barabara juu ya barabara. Kwenye skrini utaona Cowgate inakatana na South Bridge na George IV Bridge. Haikatani nazo kabisa; hayo ni madaraja, yanapita juu ya kichwa chako. Simu itasema umefika, kumbe ukumbi uko juu na wewe uko bondeni. Ukiwa Cowgate na unataka kwenda upande wa George Square, elekea magharibi mpaka Grassmarket kisha uipande Candlemaker Row, au tafuta ngazi. Ongeza dakika kumi kwa safari yoyote inayoanzia Cowgate.

Mgebuka_Mkavu
Naongezea upande wa hela.

Shoo za kulipia nyingi ziko kati ya pauni 10 na 17, wale wa kwenye televisheni wanazidi hapo. Jumamosi ndiyo siku inayojaa kwanza. Kwa hiyo nunua mapema tiketi mbili tu, za wasanii ambao ukiwakosa utaumia, na ziweke moja alasiri, nyingine jioni. Hizo ndizo nguzo za siku. Nyingine zijazie hukohuko.

Kabla hujalipa, angalia kama msanii yupo siku hiyo. Tamasha linachukua wiki tatu na ushee, na wengi wanajipa siku moja au mbili za kupumzika katikati. Kama Jumamosi yako ni ya mwanzo kabisa huenda una bahati, shoo kadhaa za siku za kwanza zinahesabiwa za majaribio na bei iko chini. Ukiona herufi WIP kwenye jina la shoo, ujue msanii anakuja na daftari na bado anapima utani wake. Baadhi ya utani utaanguka mbele yako. Kwa bei yake ni haki, lakini usiifanye nguzo.

Kadi sasa. Pitia benki yako Kigoma kabla ya safari, waombe wafungue matumizi ya nje ya nchi na malipo ya mtandaoni. Benki nyingi zinatuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini ya Tanzania. Laini hiyo ikiwa haijafunguliwa kupokea ujumbe ukiwa nje, utakaa Glasgow unasubiri namba ambayo haiji na malipo yanakufa. Dawa nyepesi ni kulipia zile tiketi mbili ukiwa bado nyumbani. Zitakuja kwenye simu. Zipige picha ya skrini, kwa sababu kumbi kadhaa ziko chini ya ardhi na mtandao unapotelea mlangoni. Beba pawabenki. Simu ikizima huna tiketi, huna ramani, huna ratiba.

Shoo ikionekana imejaa, usikate tamaa moja kwa moja. Nenda dirisha la tiketi la ukumbi wenyewe dakika 15 kabla, uliza kama kuna nafasi zilizorudishwa. Kwa mtu mmoja inawezekana zaidi kuliko kwa watu wanne.

Kasulu_Juu
Mgebuka umemsahaulisha mwenzio za bure, na ndizo zinazookoa bajeti.

Kuna mitandao ya kumbi za bure: PBH's Free Fringe, iliyoanza 1996, na Laughing Horse. Nyingi ziko kwenye vyumba vya nyuma au vya chini vya baa. Unaingia bila tiketi, mwisho msanii anasimama mlangoni na ndoo au na kifaa cha kugusisha kadi. Bure hapa maana yake unalipa ukitoka. Ukicheka vizuri weka pauni 5 hadi 10. Ukiona haikukufaa weka kidogo, lakini usipite umeangalia chini. Kwenye mpango huu msanii hatozwi chumba, baa inapata faida kwa vinywaji, kwa hiyo nunua hata soda au maji. Fika dakika 20 hadi 30 kabla, chumba kikijaa wanafunga.

Kuna na mtindo wa kati: unalipia kiasi kidogo mtandaoni ili kushika kiti, au unasubiri mlangoni na kulipa utakachoona kinafaa. Kwa Jumamosi shika kiti.

Hesabu ya pauni 60: mbili za kulipia kwa 14 ni 28. Tatu za ndoo kwa 6 ni 18. Jumla 46, zinabaki 14 za chakula na maji. Inatosha, ila usiongeze hata shoo moja ya kulipia.

Halafu jueni Fringe haina mchujo. Ilianza 1947 kwa vikundi nane vilivyojitokeza bila mwaliko pembeni ya tamasha rasmi la mji, na hadi leo hakuna kamati inayoamua nani apande jukwaani. Anayepata ukumbi anapanda. Katika shoo zaidi ya 3,000 kuna dhahabu na kuna makapi, na bango lenye nyota tano halikuambii kitu mpaka usome nyota zimetolewa na nani. Kipimo bora ni vipeperushi vya Royal Mile, barabara kuu ya mji mkongwe. Anayekupa akiwa ndiye msanii mwenyewe, mwulize shoo yake inahusu nini. Kama hawezi kukuchekesha kwa sekunde thelathini barabarani, mshukuru uendelee.

BintiUjiji
Asanteni sana, nimeshaandika kurasa mbili. Nimebakiza mambo machache. Kiingereza changu ni cha darasani, lafudhi za kule nitazishika? Nikae wapi ukumbini? Na swala na chakula cha halali, kuna mahali karibu au niende na mkate wangu?

Mama_Kibirizi
Mwanangu, la swala ni rahisi kuliko unavyodhani. Msikiti mkuu wa Edinburgh uko Potterrow, hatua chache kutoka Bristo Square na George Square, yaani katikati ya kumbi zenyewe. Mwezi wa nane jua la kule linachelewa kuzama: mwanzoni mwa mwezi ni baada ya saa tatu usiku, mwishoni ni baada kidogo ya saa mbili. Kwa hiyo adhuhuri na alasiri zitaangukia mchana wa shoo, na magharibi inaweza kugongana na shoo ya jioni. Chukua ratiba ya msikiti ya siku hiyo kwanza, ndipo upange ile ya usiku. Chakula nenda Mosque Kitchen pale Nicolson Square: wali na mchuzi, vya halali, sahani inashiba na bei si ya kitalii. Ugali na migebuka utavisubiri Kigoma.

Usile saa moja jioni, hapo kila mtu ana njaa na foleni itakumeza. Kula kati ya saa tisa na saa kumi mchana.

Nguo: huku mwezi wa nane ni kiangazi, kule mchana nyuzi zinacheza kwenye 17 hadi 19 na mvua inakuja bila hodi. Vaa koti jepesi lenye kofia. Mwavuli kwenye foleni iliyobanana unamwagia wenzako maji. Ndani ni kinyume chake, vyumba vya chini vina joto na wakati mwingine feni zinazimwa ili msanii asikike. Vaa vya kuvua. Viatu vya kutembelea, mawe ya barabara zile yanateleza yakilowa.

Lafudhi: dakika kumi za kwanza sikio linahangaika, baadaye linazoea. Wanaosumbua ni wale ambao utani wao wote ni siasa za Uingereza na vipindi vya televisheni vya utotoni mwao. Hapo hata mwenye Kiingereza kizuri anabaki nje. Shoo yako ya kwanza iwe ya mchanganyiko, wasanii wanne au watano wakipanda kwa zamu. Asiyekufaa anapita baada ya dakika kumi, na ukimpenda mmoja unaenda kutafuta shoo yake kamili. Kisha tafuta walioishi kwingine. Njambi McGrath aliyezaliwa Kenya na Daliso Chaponda wa Malawi wamewahi kupanda kwenye tamasha hilo. Trevor Noah naye alipeleka shoo yake huko 2012, kabla dunia haijamjua. Angalia majina ya mwaka wako.

Kukaa: safu ya tatu hadi ya tano, katikati. Safu ya kwanza msanii atakuuliza jina, umetoka wapi, unafanya kazi gani. Ukiulizwa jibu kwa kifupi na ukweli, "Kigoma, Tanzania", umwachie afanye kazi yake. Sisi tumezoea utani wa kujibizana, kule hadhira haimrushii msanii maneno mpaka aulize. Na simu isitoke mfukoni. Kurekodi ni marufuku karibu kila chumba, kwa sababu utani uliovuja mtandaoni hauwezi kuuzwa tena mji unaofuata.

MwishoWaReli
Shikamoo Mama. Kwa ushauri huo nimefuta ratiba niliyokuwa nimeianza, maana nilikuwa nimempeleka hadi George Street na kumrudisha. Abaki upande mmoja wa mji.

Dada, hii hapa. Saa nimeziandika kama zinavyosomeka kwenye tiketi. Kila moja ibadilishe kufuata utakachokipata.

11:00 uwe umeshuka stesheni ya Waverley. Treni kutoka Glasgow Queen Street ni kama dakika 50. Panda Cockburn Street hadi Royal Mile, kusanya vipeperushi kwa nusu saa, si zaidi.

12:15 shoo ya bure ya mchanganyiko, Cowgate au jirani. Uwe mlangoni 11:50.

13:15 panda kuelekea Bristo Square, adhuhuri.

14:30 shoo ya ndoo au ya kushika kiti, Bristo au George Square.

15:30 chakula Nicolson Square, kisha pumzika kwenye nyasi za Meadows kama hakuna mvua. Pumziko hili usiliuze kwa shoo, hata ukipewa tiketi ya bure. Alasiri iswali muda wake ukiingia, msikiti uko njiani.

17:40 nguzo ya kwanza, Pleasance Courtyard. Kutoka George Square ni dakika 12 kwa mguu, wewe tembea 17:05.

19:20 shoo ya ndoo karibu na hapo. Hii ndiyo ya kuacha kama miguu imegoma au shoo ya 17:40 imechelewa.

21:20 nguzo ya pili, George Square. Kama magharibi inaingia kabla, msikiti uko palepale. Kama inaingia katikati ya shoo, tafuta nguzo ya 20:00 na uifute ile ya 19:20.

22:20 umetoka. Kutoka George Square hadi Waverley ni dakika 15 hadi 20 kwa mteremko, ila Jumamosi usiku njia za South Bridge zinajaa, hesabu 30. Treni ya mwisho ya Glasgow iangalie siku mbili kabla, mara nyingine kuna matengenezo ya reli wikiendi. Panga kupanda ile inayotangulia ya mwisho. Yeyote atakayekupa kipeperushi cha shoo ya 23:00, chukua, sema asante, endelea kushuka stesheni.