MREJESHO: Tela la kulalia limefika Farkwa
Wakuu, niliuliza kama Land Cruiser yangu itaweza kuvuta tela la kulalia toka Dodoma mpaka Farkwa, Chemba. Imeweza! Lami ya Kondoa haina neno. Shughuli ilikuwa mchanga wa Mto Bubu, mkavu, laini kama unga. Tela likizama linairudisha gari nyuma. Aliyesema tupunguze upepo hadi kwenye matairi ya tela, siyo ya gari tu, Mungu ambariki. Tulishusha mpaka psi 18, madumu ya maji tukayatoa mwisho wa tela tukayaweka mbele kidogo ya ekseli yake (chuma kinachobeba magurudumu), kisha mwendo mmoja bila kusimama mpaka ng'ambo. Pampu ya upepo msiiache nyumbani: matairi yaliyolegea yakikimbizwa kwenye lami yanachemka na kupasuka.