Watengeneze haibridi hata kwa hasara, lakini hasara hiyo isimwangukie mtu wa Lubumbashi

Wandugu, nimesoma tena watu wakidai kiwanda cha magari hakina sababu ya kuunda haibridi (gari lenye injini ya esansi, yaani petroli, pamoja na mota ya umeme) isiyoleta faida. Nimechoka! Mnaongea kama wahasibu ambao esansi hununuliwa na bosi.

Tazameni General Motors. Walikuwa na EV1, gari la umeme, wakaliua, mengi yakapondwa, na haibridi wakaichelewesha. Toyota ikatoa haibridi yake, Prius, Desemba 1997 kwa yeni milioni 2.15, bei ambayo wengi waliona hairudishi gharama. Mwaka 2008 Toyota ikaipita GM kwa mauzo duniani, na Juni 2009 GM ikafilisika mahakamani. Sisemi ni Prius tu (madeni na mgogoro wa mabenki vilichangia sana), lakini aliyekubali kupoteza makuta mapema ndiye aliyejua kazi mapema.

Hasira yangu iko hapa: hasara hiyo wanambebea mteja wa kwanza tu, kule kwao. Gari likitufikia okazyo (limeshatumika), usukani kulia, limetoka bandari ya Dar es Salaam, likavuka Zambia, likaingia kwenye mpaka wetu wa Kasumbalesa, kiwandani hakuna anayeliwajibikia tena. Batri ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28 (vipande vya batri) zilizofungwa mfululizo. Moja ikichoka, zote zinavutwa chini. Feni ya kuipoza inanyonya hewa ya ndani ya gari, na vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua.

Langu si Prius, na kampuni siitaji. Taa ya onyo imewaka. Garaji moja ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) wanasema nunua batri nzima. Wengine, eti waing'oe haibridi yote ibaki injini, wakati injini yenyewe inawashwa na batri hiyohiyo!

Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea batri, inachimbwa Kongo, malori yake kutoka Kolwezi yanatupita hapa kila siku.

Mwaka 2019 Toyota ilitangaza kufungua bure hataza (haki za uvumbuzi) karibu 24,000, nyingi za haibridi. Kwa viwanda vingine, sawa. Fundi wa Katuba, komini nyingine ya hapa, anataka pyesi (vipuri) moja moja, mashine ya kupima moduli, na mtu wa kumfundisha asiuawe na volti 200. Hayo nayo waandike kwenye hesabu yao ya hasara.

Anayemjua fundi wa kubadilisha moduli moja, hapa au Likasi, aandike. Wa kuniambia ninunue gari la mazuti (dizeli) apite tu.