Tumelipia saa za kuruka, tunapewa taarifa za hali ya hewa: chuo cha urubani hapa Mwanza kitujibu

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika kwa niaba yangu na ya wenzangu tunaosomea urubani wa biashara katika chuo kimoja hapa Mwanza, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa barua yetu bado iko mezani kwa mkuu wake. Lalamiko letu ni moja. Ada ilipokelewa yote mwanzoni, ndege haipatikani, na kila mwezi unaopita bila kuruka unageuzwa kuwa gharama mpya ya mwanafunzi badala ya kuwa hasara ya chuo.

Kwa wasioifahamu taaluma hii, leseni ya rubani wa biashara haipatikani kwa kufaulu mitihani ya darasani peke yake. Viwango vya ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinamtaka mwombaji awe na saa 200 za kuruka, au saa 150 iwapo amezipata ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Na miongoni mwa hizo ziwemo saa 100 alizoruka yeye akiwa rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege, ambazo kwa kozi iliyoidhinishwa hupungua hadi 70. Mkataba wetu unataja saa 150, na muda tulioahidiwa ni miezi 12.

Sasa shikeni kalamu. Wanafunzi 10 kwa saa 150 kila mmoja ni saa 1,500. Chuo kina ndege moja inayoruka. Ya pili tumeikuta karakanani na bado imo humo. Ndege hiyo moja, hata ikiruka saa 4 kila siku, Jumapili, Idi na Krismasi zikiwemo, itahitaji siku 375 kuwamaliza watu 10. Hapo sijahesabu ukaguzi wa kila saa 100, ambao kwa saa hizo ungeisimamisha mara 15, na wala sijasema kwamba sisi tumezidi 10. Aliyepanga ada hii aliweza kufanya hesabu hizo kabla yetu, tena akiwa na kikokotoo, na bado aliendelea kuandikisha wanafunzi.

Tukiuliza, tunajibiwa kuwa ni hali ya hewa ya ziwa. Jibu hilo linamtosha mgeni, lakini sisi tumezaliwa hapa. Ni kweli kwamba ngurumo na mvua za Ziwa Victoria ni za kuheshimiwa, na sitaki mkufunzi yeyote ampandishe mtoto wa mtu angani wakati wingu limesimama juu ya maji. Lakini mvua hizo zina tabia yake: juu ya ziwa hujengeka zaidi usiku na kuelekea alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye mvua chache kabisa kwetu. Tumekaa chini kiangazi chote, anga nyeupe, tukisomewa taarifa za mawingu. Ningeelewa zaidi kama wangetaja joto la mchana, kwa sababu uwanja wetu uko karibu mita 1,147, yaani kama futi 3,760, juu ya usawa wa bahari, na jua likishachoma hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege ndogo yenye watu wawili na matangi yaliyojaa inapanda kwa kusuasua, kana kwamba uwanja uko futi 6,000 na zaidi. Hiyo ni sababu ya kweli, nayo inazidi kuthibitisha kwamba saa nzuri za mafunzo kwa siku ni chache na ndege moja haiwezi kutosha.

Sababu ambayo hawaitamki ni mafuta. Ndege kubwa tunazoziona zikijazwa pale uwanjani zinatumia Jet A-1, wakati injini ya pistoni ya ndege yetu inataka Avgas, mafuta mengine kabisa, ambayo husafirishwa kutoka mbali na yakiisha tunasubiri. Zipo ndege za mafunzo zenye injini za dizeli zinazotumia hiyo hiyo Jet A-1, mfano Diamond DA40 NG. Waliochagua kununua nyingine walikuwa na hiari yao, lakini uhaba unaofuata haupaswi kuandikwa kwenye daftari letu.

Na unaandikwa hivi. Chuo kina kanuni, tena kanuni ya busara, kwamba mwanafunzi aliyekaa mwezi mmoja bila kuruka haruhusiwi kupaa peke yake mpaka akaguliwe angani na mkufunzi. Aliyetukalisha ni chuo, ila safari ya ukaguzi tunailipia sisi. Ubaya zaidi ni kwamba saa hizo, kwa kuwa mkufunzi ndiye kiongozi wa ndege, haziingii katika zile 70. Kwa hiyo unaweza kuzimaliza saa 150 ulizolipia, jumla ikasoma vizuri, halafu ukaambiwa bado hujatimiza saa za urubani kiongozi na kwamba unatakiwa kununua nyingine. Cheti cha afya cha daraja la kwanza nacho hudumu miezi 12 kwa sisi tulio chini ya miaka 40, kwa hiyo wapo waliokwisha kulipa daktari mara ya pili kabla hawajafika hata nusu ya saa zao. Ukisema uhame, unakumbuka kuwa nafuu ya saa 150 imefungwa kwenye kozi iliyoidhinishwa, na chuo cha pili hakilazimiki kukuchukulia ulikoishia.

Mwenzetu mmoja analipiwa na mama yake anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mama huyo alikwenda ofisini kwa adabu zote kuuliza mwanawe ataruka lini, akajibiwa, “Mama yangu, anga haiamrishwi.” Hakuuliza kuhusu anga. Aliuliza kuhusu fedha zake.

Tunachodai ni taarifa ya maandishi inayoonyesha kila mwanafunzi amelipa nini, ameruka saa ngapi na zimebaki ngapi. Safari za ukaguzi zinazosababishwa na ukosefu wa ndege au mafuta zigharimiwe na chuo. Na anayetaka kuondoka arejeshewe thamani ya saa ambazo hakuruka. Barua yetu imetoa siku 14. Zikipita, nakala yake pamoja na risiti na vitabu vyetu vya kumbukumbu za safari vitapelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Aliyewahi kurejeshewa ada na chuo cha namna hii, Nairobi au popote, atueleze alipita njia gani. Na mzazi aliyealikwa kwenye semina yao ijayo kule Capri Point, kabla ya kutoa hundi, aombe aonyeshwe ndege zinazoruka siku hiyo na orodha ya wanafunzi wanaozisubiri.