Mjadala: Wa darasa la sita kumfundisha wa darasa la pili kusoma, sawa au si sawa?

Mdau_KKK: Darasa likiwa na watoto mia, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Hoja yangu: wa la tano na la sita wapewe wadogo wa la pili, mmoja kwa mmoja, dakika 20, siku tatu kwa wiki. Mnasemaje?

Mzazi_Mbishi: Napinga. Mwalimu ana mshahara, mwanangu hana. Tena si jambo jipya: Joseph Lancaster alianzisha shule yake London 1798, mwalimu mmoja kwa mamia ya watoto, wakubwa wakifundisha wadogo. Gharama ilishuka kweli, ila watoto wakawa kasuku. Mwaka 1846 serikali ya Uingereza ikaanza kuwalipa na kuwafunza wanagenzi wa ualimu, yaani vijana wanaojifunza kazi hiyo shuleni.

Mthibiti_Ubora: Mkuu, Lancaster alimweka mkubwa mahali pa mwalimu. Hapa silabi anafundisha mwalimu, mkubwa anasimamia mazoezi tu.

Kinachoharibu ni haraka. Mdogo akikwama kwenye "mbwa", mkubwa anamtajia, na keshokutwa mtoto hasomi tena, anasubiri kutajiwa. Mkubwa afunzwe kunyamaza, ahesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha afunike neno kwa kidole na kulifunua silabi kwa silabi. Kosa lingine ni kutaja majina ya herufi. "Em" na "a" mtoto ataziunganishaje apate "ma"? Atamke sauti: mmm.

Na msichague vinara wa darasa. Anayesoma kwa kusuasua ndiye anayefaidika zaidi, maana anapata kisingizio cha kurudia kitabu cha la pili bila kuchekwa. Muhimu tu mkubwa awe amemzidi mdogo waziwazi kwa kusoma.

Mama_Wawili: Na kofi je? Mtoto akipewa cheo, mkono hauchelewi.

Mthibiti_Ubora: Ndiyo maana jozi zote zikae sehemu moja ya wazi, chini ya mwembe ikibidi, mwalimu akizunguka. Ijumaa mwalimu mwenyewe amsikilize mdogo maneno kumi. Yakimshinda zaidi ya matatu wiki mbili mfululizo, abadilishiwe mwenzake.

Mzazi_Mbishi: Huyo wa kuzunguka anatoka wapi, ikiwa darasani tu hatoshi?

Mdau_KKK: Mwalimu mmoja anatosha jozi ishirini. Darasa zima kwa mara moja haliwezekani, watoto wapokezane kwa zamu.

Mzazi_Mbishi: Basi iwe ndani ya ratiba, si saa ya michezo. Na madarasa ya mtihani wa taifa yasiguswe.